Fasi ya Mama Nabintu

Basi la kutoka London lilikwama kwenye foleni, na Sabine alikuwa amemaliza chai yake ya pili pale stesheni ya Digbeth, Birmingham, lilipoingia. Abiria walishuka wakijinyoosha. Mama yake alishuka wa mwisho, amevaa kile kitenge cha njano walichomzikia, kisha akasimama kando akingoja dereva afungue buti. Dereva alikuwa amemkatalia kuingia ndani na msalaba. Ulikuwa msalaba wa mbao, jina Nabintu limeandikwa juu yake kwa rangi nyeusi, na ncha yake ya chini ilikuwa bado na udongo mwekundu wa Nyamubira, kijiji chao cha milimani huko Kivu.

Sabine alimkumbatia. Hawakuwa wameonana tangu vita vimfukuze Sabine nyumbani. Mazishi yenyewe aliyatazama kwenye simu, akiwa jikoni na sare ya kazi mwilini. Mama alikuwa baridi na mwepesi. Alinuka mvua.

Wakiwa njiani kwenda Hodge Hill, mtaani kwa Sabine, mama alieleza kilichomleta. Gédéon, kaka yake Sabine, alikuwa ameuza shamba la chini kwa mfugaji mmoja wa Bukavu. Mfugaji akazungusha seng'enge, akang'oa msalaba, na vibarua wake wakapanda majani ya ng'ombe juu ya kaburi.

"Banalima juu yangu," mama alisema. "Silale. Nilienda kwa Gédéon, akaniambia Sabine iko na nyumba Ulaya, uende kule."

Shamba hilo la chini, kuanzia miparachichi hadi mtoni, baba alimpa Sabine. Alimpa kwa mdomo wake, wakiwa wameketi kula, siku chache kabla hajafa. Miparachichi yenyewe aliipanda Sabine. Baadaye mume wake alipouawa, ndugu za mume walimwambia ardhi ya mwanamke iko kwa baba yake; aliporudi kwao, Gédéon akamwambia ardhi ya mwanamke iko kwa mume. Waliosikia baba akitamka walikuwa watatu: Gédéon, Sabine na mama.

Nyumbani, Merveille, binti wa Sabine, alimpisha bibi yake kwenye kochi. Msichana huyo alizaliwa Birmingham na Kiswahili alikielewa chote, ila alijibu kwa Kiingereza. Aliuliza kama koko, ndivyo alivyomwita bibi, atatumia chumba chake. Mama alisema hahitaji kitanda, anahitaji fasi, mahali penye udongo.

Siku zilizofuata alikaa jikoni akimenya viazi ambavyo hakuvila. Alimenya vizuri, maganda membamba, lakini usingizi ulikuwa ukimkaba. Macho yalimwingia ndani na mikono ikaanza kupitisha mwanga, hata Sabine aliweza kuona kisu kupitia vidole vyake. Alikopita aliacha udongo mwekundu kwenye zulia. Sabine aliufagia na kuutia kwenye beseni nje ya mlango, na maharage yakaota humo bila kupandwa.

Jumapili walikwenda naye kanisani. Mchungaji alimkaribisha kwa jina na kumketisha kwenye safu ya akina mama, karibu na hita, ila yeye akaomba ahamishwe kwa sababu joto lilimkausha.

Mumina, jirani wa upande wa pili wa ua, Msomali aliyekulia Garissa, alikuja kumwamkua. Alileta chai ya maziwa kwa heshima tu, kwa vile alijua mama hatainywa.

"Hata kwetu ilikuwa hivyo," alimwambia Sabine. "Walipopitisha barabara makaburini, babu yangu alikuja akakaa na sisi mpaka tukamtafutia mahali. Usimweke sana kwa kochi. Ataisha."

Kabla ya kumtafutia mahali, Sabine alitaka jambo moja. Alimpigia Gédéon simu ya video, akaiegemeza kwenye chupa ya mafuta, mama akakaa katikati. Gédéon alifurahi kumwona. Aliuliza kama alifika muzuri, kama baridi haimusumbui, akasema huyo mfugaji ni mutu wa Mungu, amechangia mabati ya shule.

Sabine alimwambia kuwa shamba aliloliuza halikuwa lake.

"Dada, hiyo ni maneno yako peke yako," Gédéon alisema kwa upole. "Mama iko hapo. Tumuulize. Mama, ulisikia baba anamupa Sabine shamba?"

Mama alimtazama mwanawe kwenye kioo cha simu. Gédéon alikuwa amenenepa. Nyuma yake kulikuwa na ukuta mpya, uliopakwa chokaa.

"Sikumbuke," mama alisema. "Mutu akikufa anasahau."

Gédéon akashukuru, akamwombea usingizi mwema, akakata. Sabine alibaki ameshika ukingo wa meza. Mama huyu alikuwa ametoka kumtajia Merveille, asubuhi hiyo hiyo, majina ya mbuzi wote waliopata kufugwa Nyamubira. Sabine alisimama, akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Baadaye alitoka akaenda mpaka mwisho wa barabara na kurudi, amekunja mikono, mvua ikimnyeshea. Aliporudi, mama alikuwa bado na viazi, na sasa uso nao ulikuwa umeanza kupitisha mwanga.

Sabine hakuwa na moyo wa kumwacha aishe.

Nyumba ilikuwa ya kupanga, ya shirika la nyumba, kwa hiyo Sabine aliomba ruhusa ya kumlaza mama bustanini. Walimtuma Damien, kijana mpole mwenye kishikwambi, aliyezunguka bustani akakagua mabomba ya maji yanapopita. Alisema mgeni anayehesabiwa ni yule anayelala ndani ya nyumba. Anayelala chini ya bustani hana shida, ila wakihama, udongo uachwe umesawazishwa. Mama alimshukuru kwa Kifaransa.

Alichimba Sabine mwenyewe, kwa koleo la Mumina. Udongo wa Hodge Hill ni mfinyanzi mzito, wa kijivu, na ulimganda kwenye viatu. Merveille alibeba ndoo. Shimo lilipotosha, mama alishuka bila kusaidiwa, akajilaza ubavu, akapapasa pembeni kama mtu anayekagua godoro.

"Hapa ni pako?" aliuliza.

"Hapana, mama. Ni pa shirika."

"Basi hata weye hauna fasi," mama alisema, akajifunika uso kwa kitenge.

Sabine alingoja aseme kitu kingine. Alisikia pumzi ndefu ya mtu aliyelala. Akafukia, akasimika msalaba, akaenda kazini zamu ya jioni, kule Castle Vale, kuwalaza wazee wa watu wengine.

Majani yalikuwa yameshaota pale bustanini Gédéon alipopiga simu tena. Alisalimia, akauliza habari za Merveille. Kisha akasema mfugaji amependa na kipande cha juu, kile alikozikwa baba, na ameshamuuzia. Miparachichi wameikata, ilikuwa inawazibia njia ya ng'ombe. Baba alikuwa amekaa hapo kwake barazani tangu juzi, hataki kuingia ndani.

"Anasema nini?" Sabine aliuliza.

"Anasema ile ya chini ilikuwa yako. Kutoka miparachichi mpaka kwa mto. Anasema kila siku, kwa kila mutu anapita."

"Na watu wanasema nini?"

"Banamusalimia," Gédéon alisema. "Ni mzee, banamuheshimu. Lakini ni mutu alikufa, Sabine. Nani atamupa shamba mutu kwa neno la maiti?"

Sabine alitazama nje. Kati ya msalaba na ua wa Mumina palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, kama hatakunja magoti. Alimwambia Gédéon amtume baba, na amvalishe koti.