Mtoto Aliyeogeshwa Kabla ya Kliniki

Bibi Mkunga alikuwa na sheria moja ambayo hata bintiye alishachoka kubishana nayo: mtoto haendi hospitali mchafu. Miaka thelathini na nne ya kuzalisha ilimfundisha kwamba manesi humhukumu mama kabla hajafungua mdomo. Aliwajua vizuri, maana naye alikuwa mmoja wao, tena mwenye ulimi mkali.

Basi mjukuu wake wa miaka miwili, waliyemwita Kibonge, alipoanza kuchemka mwili, Bibi alifanya alivyozoea. Akamnywesha dawa ya homa, akamwogesha, akampaka mafuta midomo iliyopasuka, akamfuta macho mekundu kwa pamba safi, ndipo wakaenda kliniki. Walikwenda mara tatu, na mara zote tatu kipimajoto kilionyesha mtoto mzima. Sasa nani angejua? Mtoto ananukia sabuni, anang'aa kama sahani. Kwenye kadi wakaandika mafua.

Bintiye, mama yake Kibonge, alikuwa akitoka alfajiri kwenda kiwandani na kurudi mtoto amelala. Kila akiuliza, Bibi alimjibu, "Meno hayo, mwanangu. Ulidhani nimesahau kazi?"

Jumatano Bibi akaenda msibani. Binti, ambaye siku hiyo alikuwa na mapumziko, akamshika mtoto paji la uso, akashtuka, akambeba vilevile na kamasi zake hadi kliniki. Joto likaonekana na kuandikwa, na kufikia Ijumaa walikuwa wodini, mbele ya daktari wa watoto.

"Mishipa yake ya damu imevimba," daktari alisema. "Homa itapita yenyewe. Ninachokiogopa ni mishipa ya moyo. Dawa ipo, ni kingamwili zilizochujwa kwenye damu ya maelfu ya watu. Tunamwekea kwa dripu, polepole, kutwa nzima. Lakini inatakiwa iingie ndani ya siku kumi tangu homa ianze. Ilianza lini?"

"Juzi, Jumatano," binti alijibu. "Kadi hiyo hapo."

"Basi tunao muda. Hapa imetuishia, ila Jumatatu tutaletewa."

Bibi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha bintiye. Jumatano ndiyo, lakini ya wiki iliyopita. Alihesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa gauni, akarudia, na hesabu ikagoma kubadilika: leo ilikuwa siku ya kumi. Angesema pale pale. Alifungua mdomo kabisa, kisha akaona jinsi binti alivyomgeukia kwa macho ya kumtegemea, aibu ikamshika, akaufunga. Akajiambia kwamba siku mbili tatu si kitu, yeye ambaye enzi zake aliwafokea wanafunzi kwa kuchelewa dakika tano.

Jumamosi asubuhi, akimlisha Kibonge, aliona ngozi inabanduka kwenye ncha za vidole vya mtoto, kitu ambacho homa ya siku nne haileti. Akaweka kijiko chini. Akaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa daktari, na binti akamfuata akidhani mtoto amezidiwa.

"Leo ni siku ya kumi na moja," Bibi alisema. "Homa nilikuwa naishusha mimi, kila tulipokuja kliniki. Na jana nilijua, nikanyamaza."

Daktari hakumgombeza. Alinyanyua simu, akaomba dawa hospitali nyingine, gari likatumwa, na adhuhuri chupa ya kwanza ikaning'inizwa. Binti alikaa upande wa pili wa kitanda akitazama matone. Hakumtazama mama yake hata mara moja.

Jumatatu kipimo cha moyo kilionyesha mishipa miwili imetuna.

"Ingeanza Ijumaa," Bibi aliuliza, "ingesaidia?"

"Sijui, Mama," daktari alisema. "Kweli kabisa, sijui."

Bibi angefurahi kutukanwa kuliko jibu hilo.

Mwezi ulipopita wakapangiwa kliniki ya moyo. Bibi aliamka mapema, akachemsha maji, akayapoza kwenye beseni, akatandika taulo. Mikono ilikwenda yenyewe, kwa mazoea. Binti akatokea na Kibonge begani, mtoto amekauka kamasi, nywele zimesimama, nguo ya kulalia bado mwilini.

"Mama, usimguse," alisema taratibu. "Nataka wamwone alivyo."

Akamfunga mgongoni, akachukua kadi mezani, akatoka peke yake. Bibi alisikia geti likifungwa, akaanza kulikunja taulo.