Uzi wa Mito

Mimi ni mshonaji wa viti: vya magari, vya ofisi, vya vinyozi, na mara moja moja vya ndege. Ndege yenyewe ni moja tu, ndogo, ya rafiki wa mume wangu. Ni daktari wa mifugo, huirusha mwenyewe kuvuka milima kwenda kutibu ng'ombe wa watu. Tunaitana shemeji, na kwa kuwa ni shemeji, hajui kusubiri.

Siku hiyo alileta mkanda wa kiti chake uliofumuka mshono, akataka auchukue palepale. Anga lilikuwa jeupe, wingu hata la dawa hakuna. Nikashona huku amenisimamia kichwani. Nilipomaliza, yeye tayari keshaushika upande mmoja, nikawasha kiberiti kuunguza ncha ya uzi, kama nifanyavyo siku zote. Uzi wa nailoni ukiuchoma huyeyuka, ukawa kijidonge kigumu. Huu uliwaka, ukawa majivu, ukanuka kama karatasi.

Moyo ukanilipuka paa. Nilikuwa nimeshonea uzi wa pamba, ule wa foronya za mito! Nyuzi za mito na za mikanda zote ni nyeusi, zinakaa rafu moja, na mimi kwa kukimbizwa nilinyoosha mkono bila kutazama.

Muungwana angesema ukweli. Mimi nina kiburi changu. Baada ya miaka ishirini na mbili ya cherehani, nimwambie nini mtu? Nikampokonya mkanda, nikasema haujakaa sawa, aje kesho. Alinijia juu kwelikweli. Mume wangu naye, aliyekuwa amekaa mlangoni, badala ya kunitetea, akasema mimi nikipewa sanda nishone, maiti atachoka kusubiri aamke aende zake. Wakacheka. Nikawatolea macho, wakaondoka. Kufumua na kushona upya kwa nailoni, mistari miwili, kulinichukua hadi jioni.

Kesho yake asubuhi akaja kuuchukua, hata kuniaga hakuniaga. Milima ilikuwa imefunikwa na wingu zito. Saa nane mchana mume wangu akaingia karakana, uso umemshuka. Ndege ya shemeji ilikuwa imeanguka mlimani. Wingu lilimziba, na alipoliona jabali alikuwa amechelewa, ikabidi aibwage ndege kwenye mteremko. Wachunga mbuzi walimtoa. Alikuwa hospitali, mguu umevunjika, lakini mzima.

Mume wangu akamshukuru Mungu. Mimi nikatoka mlangoni, nikaitazama milima. Jana yake kulikuwa kweupe pe! Ni mimi niliyempeleka kwenye wingu lile, kwa uzi wa mito, kisha nikamdanganya. Siku tatu chakula hakikupita, na kila mteja aliyenisalimia nilimjibu kwa ukali. Siku ya nne nikasema potelea mbali, nikaenda hospitali.

Nilimkuta mguu umefungwa plasta, mkewe anammenyea chungwa. Alinichangamkia sana, nikamkatiza.

"Shemeji, mkanda ulikuwa uuchukue siku ile ile. Nilikosea uzi, nikaona haya kusema. Ungeondoka na anga jeupe."

Mkewe akaacha kumenya. Shemeji akafungua vifungo vya shati. Kutoka begani hadi ubavuni palikuwa pamevilia damu, peusi ti, na katikati mshono wangu umejichora kwenye ngozi, mistari miwili imenyooka. Nilitaka kutazama pembeni nikashindwa. Fundi ni fundi.

"Milima ile hata anga likiwa jeupe, upepo peke yake unatosha kukuangusha," akasema. "Sasa niambie kweli. Ule uzi wa kwanza ungenishika?"

Nilitamani kusema labda.

"Usingekushika."

Mkewe akashika ukingo wa kitanda. Shemeji akaanza kufunga vifungo kimoja kimoja, taratibu, mtu ambaye sijawahi kumwona akifanya jambo taratibu.

"Basi ulinichelewesha vizuri," akasema.

Nikaangua kilio kama mtoto. Mkewe akanipa chungwa lote, nikalila palepale nikilia, na njaa ya siku nne ikanirudia yote kwa mpigo.