Nyumba Isiyo na Mtu

Maharagwe yote yalikuwa yamegeuka meupe. Apolline aliinamia kioo cha kompyuta, akapangusa weupe ule kwa ncha ya kitenge chake, akidhani ni vumbi tu. Haukutoka. Yudaya, mwenye nyumba na mwenye kompyuta, alicheka mpaka akaketi sakafuni. Hiyo ni theluji, akamweleza, na watu wako wote watakufa kwa baridi. Wakafa kweli.

Apolline alikuwa mkimbizi kutoka Kivu, mkulima wa Kashojwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na kila wiki alileta maharagwe kwa wake za wanajeshi wa kambi ya Makenke. Siku hiyo mvua ilimfungia kwa Yudaya, mmoja wa wake hao, naye akamwonyesha mchezo mmoja: unapewa watu wachache na msitu, uwajengee kijiji. Mkulima mzima ashindwe na shamba la kwenye kioo? Aliona haya, akaapa hatarudia. Wiki iliyofuata alifika mapema kuliko kawaida.

Lo, mchezo ule ulimtoa jasho! Alipanda mara mbili kwa mwaka kama alivyozoea, na mazao ya pili yakazikwa na theluji. Kuni alikata za kupikia siku ile ile, watu wakaganda. Alipojifunza kuweka akiba ya kuni, njaa ikamwangusha. Alipojaza ghala, likaungua. Lakini kila kushindwa kulimfunulia kitu ambacho hakukiona kabla, na utamu wake ukamwingia polepole. Akipalilia shamba lake Kashojwa alijikuta akipanga maghala kichwani na kucheka peke yake. Majirani walimtazama kwa mashaka.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa lango. Kila baridi ilipokaribia, wageni wenye mizigo walisimama hapo, na mchezo ukauliza: wapokelewe au wafukuzwe? Yudaya, aliyekwisha kuvuka baridi mara nyingi, hakusita.

"Fukuza hao, nyabo. Chakula iko kidogo."

"Nitabafukuza namna gani, dada? Miye nilifika Nakivale na mutoto mugongoni."

Akawapokea, na kijiji kikafa tena.

Kisha mume wa Yudaya akapewa uhamisho kwenda kaskazini. Kompyuta nayo ingeondoka. Apolline aliumia sana. Alitaka kuona kijiji chake kimevuka baridi, hata mara moja tu. Siku ya mwisho alikuja bila maharagwe. Safari hii, mapema kabisa, alijenga nyumba isiyo na mtu, akaiwekea kuni, akalima shamba la watu ambao hawajafika. Yudaya akanung'unika kwamba anaharibu mbao. Wageni wakaja, wakaingia, wakashika majembe. Theluji ikafunika kila kitu, ghala likapungua, likazidi kupungua, na wanawake wale wawili wakashikana mikono. Halafu ardhi ikaanza kuonekana, nyeusi, kisha kijani.

Apolline akapiga vigelegele hadi jirani akachungulia dirishani. Kisha, bila kupumzika, akaanza kujenga nyumba nyingine tupu.

Macho ya Yudaya yalikuwa kwenye masanduku yaliyofungwa kando ya mlango. Kule waendako hakumjua mtu hata mmoja. Kwenye kioo wageni wengine walikuwa wamefika langoni. Apolline akamsogezea kipanya.

"Ile nyumba imeisha?" Yudaya akauliza.

"Imeisha. Na kuni ziko mingi."

Yudaya akabonyeza. Wakakaa wakiwatazama wale watu wakiingia na mizigo yao, mmoja baada ya mwingine.