Hotuba ya Kumzika Mama

Pesamino alikuwa tulafale asiyeweza kusema, na hapa kisiwani Savaii hakuna aibu inayoizidi hiyo. Tulafale ndiye mdomo wa ukoo: arusini, msibani, wageni wanapobisha hodi. Cheo alikirithi kwa baba yake, pamoja na fimbo ndefu na usinga wa kuweka begani. Ulimi hakurithi. Mara ya kwanza kusimama uwanjani, kwenye arusi ya dada yake Telesia, magoti yalimcheza, sentensi ikamkatikia katikati, na watu wakaangua kicheko. Mjomba wake, mzee Ioritana, akasimama kando yake, akaidaka ile sentensi na kuimalizia, utadhani walikuwa wamepanga. Tangu siku hiyo mzee alimsemea kila shughuli, na hakumsimanga hata mara moja.

Aliyemsimanga ni mama yake.

Fa'amao alikuwa hajiwezi, amelala mkekani miguu imevimba, lakini mdomo ulikuwa mzima. Kila asubuhi alimsimamisha mwanawe mbele yake, fagio la njukuti mkononi. Sauti ikishuka, fagio linatua muundini.

"Tena! Umesimama kama mwizi aliyekamatwa."

"Mama, wananitazama."

"Na wewe watazame! Huyo mchungaji unayemwogopa, akilewa mkewe humfungia nje. Huyo Siaosi anayekucheka, nguruwe aliowachinja msibani kwa baba yake walikuwa wa wizi. Kila mtu ana kidonda amekifunika. Jua kilipo, ukitazame hicho hicho. Uone kama magoti yatacheza."

Dawa ilikuwa kali, na ilimfaa. Jumapili moja alipewa kutoa shukrani baada ya ibada. Akamkazia macho Siaosi, akawaza nguruwe, na sauti ikamtoka nzito, imetulia. Watu wakaitikia "Malie! Malie!" kama tunavyoitikia maneno matamu. Alipofika nyumbani na kusimulia, Fa'amao alicheka mpaka akapaliwa. Basi utamu ukamkolea. Jioni zote akawa anakaa kichwani pa mama yake akichimba siri za kijiji kizima, na bibi yule alikuwa nazo.

"Na mjomba je?" akauliza siku moja.

Fa'amao akashusha sauti. "Ioritana si damu yetu. Baba yangu alimwokota bandarini Apia, mchanga, hana hata nguo. Nimembeba mgongoni mimi." Kisha akamshika mwanawe mkono kwa kucha. "Nikifa, useme wewe. Ukimwachia yeye, bora msinizike."

Akafa kweli, na wageni wakaja na mikeka yao mizuri ya rambirambi, wakaketi ng'ambo ya uwanja na msemaji wao mbele.

Kwetu wasemaji wa ukoo hugombea kwanza, wageni wakisikiliza, nani atakayesema. Ni ugomvi wa adabu. Huyu anaomba, yule anaomba, mwisho mdogo humwachia mkubwa, au mkubwa humpa mdogo kwa baraka, na mambo yanaendelea. Pesamino alisimama na fimbo yake, na magoti, ajabu, yalikuwa kimya.

"Niachie mimi, mjomba. Ni mama yangu."

"Najua, mwanangu," alisema Ioritana. Macho yalikuwa mekundu. "Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kutembea. Niachie leo tu. Kesho na siku zote ni zako."

Angemwachia, angetukuzwa mpaka kisiwa cha pili, Upolu. Lakini alisikia fagio muundini, akamtazama mzee kama alivyofundishwa, pale penye kidonda.

"Anayemzika ni wa damu yake," alisema, kwa sauti nzuri kabisa iliyofika mpaka kwa wageni. "Wewe uliokotwa bandarini. Mtoto wa kuokotwa atamsemea nani?"

Sisi hatutaji asili ya mtu hadharani. Watu wamewahi kuchomewa nyumba kwa kosa hilo. Ioritana aliuweka usinga wake chini kwenye majani, taratibu, akazunguka nyuma ya nyumba hadi banda la kupikia, akaketi juu ya makumbi ya nazi kwenye moshi.

Pesamino akasema. Alisema vizuri kuliko baba yake alivyowahi kusema. Aliyataja majina ya heshima ya kila ukoo bila kuruka hata mmoja, akapanda, akashuka, akatua. Alingoja "Malie", haikuja. Akangoja jibu la wageni, maana hotuba lazima ijibiwe.

Msemaji wa wageni akainuka na fimbo yake. Akavuka uwanja, akampita Pesamino bila kumtazama, akaenda mpaka banda la kupikia. Akaikita fimbo mbele ya mzee aliyeketi kwenye makumbi, akaanza kumjibu yeye, kwa heshima zote, kana kwamba yeye ndiye aliyesema. Wageni wakainuka wakamfuata. Kisha wenyeji, mmoja mmoja, na mchungaji na Siaosi. "Malie!" ilisikika kutoka nyuma ya nyumba.

Uwanjani akabaki Pesamino na usinga begani. Ndani alibaki maiti, na Telesia akimpepea nzi.

"Mbona umenyamaza, kaka?" alimwuliza, bila kuinua kichwa. "Ongea. Si huogopi tena?"