Mzee Aliyegoma Kufunga Kitabu Chake

Ijumaa ile mzee Arunachalam alikuja Mylapore, kwenye ofisi yetu ya kuandikia watu vitabu vya maisha yao, kukisoma chake kabla hatujawatumia wageni wa sherehe yake ya miaka themanini. Nikamfungulia kwenye kompyuta ya mapokezi, kisha nikarudi mezani kwangu kulipitia faili lilelile. Ukurasa wa mwisho ukanikata maini: "Alifariki Jumanne, saa tisa alasiri, akiwa amezungukwa na wajukuu wote."

Mwisho huo ulikuwa wa mteja aliyetangulia, marehemu kweli. Nilinakili sura ya mwisho ya kitabu chake, nikabadilisha majina tu. Mjinga mimi! Na bosi alishasema nikikosea tena nitarudi kwetu Madurai. Nikaifuta sentensi, nikabonyeza kuhifadhi. Kompyuta ikakataa: faili limefunguliwa kwenye programu nyingine.

Mwenye hiyo programu nyingine alikuwa mzee, pale mapokezi, ndio kwanza yuko kwenye sura ya utotoni.

"Babu, naomba ukifunge kidogo, nirekebishe kitu."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tano kasorobo."

"Basi ni saa ya Rahu, mwanangu, saa ya nuksi, na haiishi mpaka saa sita. Mimi nilikianza kabla haijaingia. Nikikifunga, itabidi nikianze upya ndani ya Rahu. Unanitakia mabaya?"

Ningebisha vipi? Hata mimi sianzi jambo saa hiyo, mama angenitoa roho. Nikampelekea kahawa tatu ili nimcheleweshe. Akazinywa zote, akazidi kusoma mbio. Akaoa. Akaajiriwa posta. Akastaafu.

Saa tano na nusu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Malarvizhi!" akaniita.

"Nisamehe, Babu."

"Jumanne saa tisa?"

"Ndiyo, Babu."

"Jumanne saa tisa ni Rahu! Mtu mwenye akili zake anaanzaje safari ile saa hiyo? Ndugu zangu watanionaje?"

"Lakini Babu, wewe hujafa."

"Hilo dogo."

"Basi kifunge, niifute."

"Rahu haijaisha, wewe!"

Tukakaa kungoja saa sita, yeye marehemu, mimi niliyemuua. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Wajukuu wote walikuwepo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Babu."

"Hata yule wa Toronto?"

"Wote."

Akaweka kidole juu ya mstari ule.

"Basi usiifute," akasema. "Badilisha saa tu."