Zambarau ya Viti vya Nyuma

Waruguru wa Ngoingwa, Thika, hakuwa mtu wa kubembelezwa, na soda kali ya kutengenezea sabuni nayo haikuwa kitu cha kubembelezwa, ndiyo maana hao wawili walielewana. Aliimimina ndani ya maji, kamwe si maji ndani yake, akiwa nyuma ya nyumba mahali upepo unapita, glavu hadi kwenye viwiko na miwani ya kuchomelea ya mumewe imembana pua. Mvuke ulipopanda aligeuza uso, akautukana kidogo kwa Kikuyu, akangoja maji yapoe. Sabuni isiyopikwa motoni haina haraka. Unachanganya mafuta ya nazi na ya avokado, unatia hayo maji ya soda, unakoroga mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji, unamimina kwenye paketi za maziwa zilizokatwa juu, kisha unafunika na blanketi. Gachau, mumewe, alikuwa amezoea kulala bila blanketi siku za sabuni.

Ndipo Chairlady akaingia langoni bila kubisha. Jina lake ni Maggie, lakini tangu achaguliwe kuongoza akina mama wa kitambaa kanisani, hata mumewe mwenyewe alimwita Chairlady.

"Mama Waceke, hii kazi yako inasifiwa mpaka Ruiru," alisema, akitafuta mahali pa kuketi pasipo na vumbi na kukosa. "Mwezi wa nane tunafungua kanisa mpya huko Membley. Wageni ni watu wa maana. Tumeonelea kila mgeni aende nyumbani na kasabuni. Lakini iwe rangi yetu." Akagusa kitambaa kichwani mwake. "Zambarau kama hii."

"Na mafuta ni ya nani?"

"Haiya! Si hiyo itakuwa sadaka yako kwa Mungu?"

Waruguru alikubali. Angekataa vipi? Alikuwa amekitaka hicho kitambaa miaka mingi, na hapa palionekana kuwa na mlango.

Katika kanisa lile, mwanamke aliyefunga ndoa madhabahuni huvishwa kitambaa cha zambarau chenye ukingo mweupe, na tangu siku hiyo huketi mbele. Anayeishi na mume bila cheti cha kanisa, hata wazeeke pamoja, huketi nyuma na kupika chai. Waruguru na Gachau walianza ndoa yao ya njoo-tuishi wakiwa na godoro na jiko la makaa, wakisema harusi itafanywa mambo yakiwa mazuri. Mambo yalichukua wakati wake. Mtoto wao Waceke akazaliwa, mahari ikalipwa nusu, nyumba ikajengwa nusu, na sasa Waceke yuko chuoni na harusi bado inangojewa.

Viti vya nyuma angevivumilia. Alichoshindwa kusamehe ni mazishi ya mamake. Yule mama alivaa kitambaa maisha yake yote ya ndoa na alizikwa nacho kichwani. Siku hiyo wenye vitambaa walijipanga pande zote mbili za jeneza wakiimba, na Waruguru aliposogea ashike mshikio wa jeneza, mkono laini ulimgusa kifuani ukamrudisha nyuma, polepole, kwa upole kabisa. "Hapa ni pa akina mama wa kitambaa," aliambiwa. Ulikuwa mkono wa Maggie. Binti wa marehemu alimzika mamake akichungulia juu ya mabega ya watu, na hasira ya siku ile haijawahi kupoa.

Basi alijitosa kwenye zambarau. Kwanza alijaribu biturudi, kile kiazi chekundu. Alisaga, akachuja, akaitia kwenye sabuni, na jioni hiyo mchanganyiko ulikuwa mzuri hadi alimwita Gachau aje aone. Asubuhi alipofunua blanketi alikuta rangi ya chai isiyo na maziwa. Soda ilikuwa imeila biturudi yote.

"Si mbaya," Gachau alisema.

"Ni mbaya sana. Nyamaza."

Sabuni yenyewe ilikuwa nzuri, ilitoa povu na kunukia mchaichai, ila ilikuwa ya kahawia. Aliikata akaijaza rafu yote ya chini. Kisha akakumbuka bluu ya kufulia, ile ambayo mamake alikuwa akitia kidogo kwenye maji ya kusuuza mashati meupe ya shule. Bluu haikuogopa soda. Ilihitaji wekundu tu, na wekundu ulikuwa kila mahali: udongo wa Ngoingwa, ule unaoharibu soksi za watu na sketi za Chairlady. Waruguru aliuchota nyuma ya choo, akaukaanga kwenye kikaango cha zamani, akauchekecha kwa soksi ndefu ya Waceke mpaka ukawa laini kama poda. Akauchanganya na ile bluu, akamimina, akafunika.

Siku iliyofuata alichana paketi na kukata mkate wa kwanza wa sabuni kwa waya. Ndani ilikuwa zambarau. Ilikuwa zambarau yenyewe, ya kanisa, ya mamake. Waruguru alikaa chini kwenye ndoo akalia, kisha akainuka akakata iliyobaki, maana sabuni ikikauka sana inavunjika.

Vipande vilikaa rafuni wiki nne vikikomaa. Vilipokaribia kuwa tayari, Chairlady alirudi, safari hii akiwa na bahasha ya karatasi za kufungia zilizochapishwa vizuri kwa maua pembeni: Imetengenezwa kwa Upendo na Akina Mama wa Kitambaa.

Waruguru alisoma mara mbili. "Na mimi niko wapi hapa?"

"Wewe uko na sisi kwa roho."

"Roho haikukoroga kitu. Hii mikono ndiyo ilikoroga."

Chairlady alishusha sauti kama mtu anayeingia wodini. "Mama Waceke, tusikosane. Wageni wakiuliza, niwaambie imetengenezwa na mtu wa come-we-stay? Sikiza. December kuna harusi ya pamoja. Nafasi zimeisha, lakini mimi nikiongea na pasta, wewe na Baba Waceke mtaingia. Christmas uko na kitambaa, unakaa mbele. Wewe nyamazia tu hii maneno ya nani alitengeneza nini."

Aliondoka akiacha bahasha juu ya meza.

Gachau alipofika nyumbani akiwa na harufu ya chuma kilichochomwa, alisikiliza yote huku akinawa.

"Mimi niko tayari," alisema. "Suti nitaazima kwa jirani Githae."

"Suti ya Githae itakufika magotini."

"Basi nitaoa nikiwa nimekaa." Akajipangusa mikono, akamwangalia. "Mama Waceke, hiki kitambaa umekililia miaka yote. Kichukue. Mimi najua nani alikoroga."

Na ukweli usemwe: Waruguru alitaka kukichukua. Alijiona tayari ameketi mbele, kichwa kimefungwa, hakuna wa kumrudisha nyuma. Mtu anakosea wapi akitaka kupewa kitu kinachostahili kuwa chake? Alianza kukunja zile karatasi, moja baada ya nyingine.

Kesho yake Kamene alikuja kumsaidia kufunga. Kamene alitoka mtaa wa mabanda wa Kiandutu kwa miguu, mwanamke wa kufulia watu nguo, mwenye mdomo usiochoka na vidole vilivyochanika kwa sabuni mbaya za bei rahisi. Yeye pia ni wa viti vya nyuma. Baba ya watoto wake aliondoka akisema anaenda kutafuta kazi Mombasa, na bila shaka anaitafuta hadi leo.

Walifunga kwa muda, Kamene akinusa kila kipande kabla ya kukifunika. Waruguru alimweleza habari ya Desemba.

"Woi, hiyo ni poa!" Kamene alisema, na alifurahi kwa kweli. "Utapendeza na hiyo kitambaa. Na mimi, Chairlady ataniweka?" Akacheka mwenyewe kabla ya kujibiwa. "Aniweke na nani? Nioane na karai ya kufulia?"

Waruguru akakunja karatasi iliyofuata.

Kazi ilipokwisha alimwambia Kamene achague sabuni aende nayo nyumbani. Rafu zilikuwa mbele yake, zambarau zilizofungwa kuanzia juu. Kamene hata hakuziangalia. Aliinama moja kwa moja kwenye rafu ya chini, akachukua kipande cha kahawia.

"Nitachukua hii iliharibika," alisema. "Hizo zingine ni za wenyewe."

Waruguru aliutazama ule mkono. Yule mwanamke hakuwa ameambiwa na mtu achukue ya chini. Mkono wake ulijua tu mahali pake, kama yeye mwenyewe alivyojua kupitia mlango wa jikoni kila Jumapili bila kuonyeshwa. Na yeye alikuwa karibu kulipia nafasi yake ya mbele kwa kunyamaza, amwache Kamene kule nyuma na karai.

"Weka hiyo chini!"

"Haki nilidhani..."

"Weka chini, Kamene. Chukua zambarau." Akachana karatasi ya maua, akamtia sabuni mkononi, akamfunga vidole juu yake. "Wenyewe ni akina nani? Hii ni udongo wa nyuma ya choo changu na bluu ya mamangu. Mwenyewe ni mimi. Kesho niitie wale wote wa chai. Wote, usiache mtu."

Walikuja, wa Kiandutu na wa Ngoingwa: mjane aliyemzika mume kabla ya harusi, mke wa pili, msichana mwenye mtoto, na mama mmoja mzee ambaye mume wake hakuamini katika makanisa. Kila mmoja aliondoka na fungu lake la zambarau. Rafu za juu zikabaki tupu. Zile karatasi za maua Gachau alitumia kuwashia jiko, akasema zinashika moto vizuri.

Siku ya kufungua kanisa, basi lilitoka Thika na akina mama wa kitambaa mbele na akina mama wa chai nyuma pamoja na masufuria. Membley ilikuwa safi hadi mtu akaogopa kukohoa. Magari ya wageni yalijipanga nje ya ukuta, mahema meupe yakasimamishwa, viti vya mbele vikafungwa riboni. Chairlady aliyafuata makasha ya sabuni ya Waruguru kabla hayajashushwa vizuri. Akafungua la kwanza. Akafungua la pili. Yote yalikuwa sabuni za kahawia, zimefungwa kwa kamba ya katani bila neno lolote.

"Ngai! Hii ni nini? Zambarau iko wapi?"

"Uliniambia ni sadaka," Waruguru alisema. "Nimetoa."

"Umepea nani?"

"Utawaona. Na hizi usiogope, ni nzuri kuliko uso wake. Wageni wako wataoga vizuri."

Chairlady alifungua mdomo, lakini pasta alikuwa akimwita, na mtu hawezi kupiga kelele mbele ya watu wa maana. Alimtupia Waruguru jicho la kumaliza mambo. "Sahau December," alisema kwa meno.

"Nilishasahau."

Ibada ilienda vizuri. Kwaya iliimba, riboni ikakatwa, wageni wakatambulishwa kwa vyeo vyao vyote. Kisha Chairlady akashika maiki, akavuta pumzi, tabasamu likamrudi.

"Akina mama wa zambarau, simameni wageni wawaone!"

Mbele walisimama, safu nzuri ya vichwa vilivyofungwa. Makofi yakaanza. Kisha huku nyuma kabisa, pembeni mwa hema pale jua linapopiga, kiti cha plastiki kikakwaruza chini. Kamene alikuwa amesimama, mkono juu, na katika mkono huo kipande cha zambarau. Mjane akasimama. Msichana mwenye mtoto akasimama, mtoto kiunoni, sabuni juu. Yule mama mzee alishikwa kwapani akainuliwa, naye akatoa yake kutoka kifuani alikoificha pamoja na leso ya kufungia pesa. Wakasimama wote.

"Nyinyi wa chai, kaeni," Chairlady alisema kwenye maiki. "Nimeita wenye zambarau."

"Na hii ni rangi gani, Chairlady?" Kamene aliuliza, na sauti yake haikuhitaji maiki. "Ama ni macho yangu iko na shida?"

Wageni wa Membley walidhani ni sehemu ya programu. Walishangilia sana, na bibi mmoja mwenye kofia pana akasimama kupiga picha upande wa nyuma.

Waruguru naye alikuwa amesimama. Hakuwa na sabuni, vipande vyote vipya alikuwa amevigawa. Aliinua mkono mtupu, kucha bado zina bluu kwenye kingo. Kando yake Gachau, mwanamume pekee katika safu ile, alijiinua ndani ya suti ya Githae inayoishia juu ya vifundo, akatoa mfukoni kile kipande cha zambarau cha bafuni kwao, kilichokwisha nusu, akakiinua pia.

Pasta alichukua maiki kwa upole. "Haya, mama zetu, asanteni. Tuketi sasa tuendelee."

"Endelea tu, pasta," Waruguru alisema. "Nasikia vizuri nikisimama."

Hakuna aliyeketi kule nyuma. Chairlady aliteremka jukwaani akaja kati ya viti, akipita safu moja baada ya nyingine, kitambaa kimenyooka, mpaka akasimama mbele yake. Waruguru aliungoja ule mkono laini uje kifuani umrudishe nyuma. Haukuja. Na ungekuja, safari hii angeushika.