Mzungu wa Mwalimu Bibiana

Kuanzia Makote hadi ukingoni kabisa mwa Newala, pale mtu anaposimama akaiona Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, hapakuwa na kompyuta iliyowahi kumshinda Mujibu Husseni. Hilo si la kubishia, maana alilisema mwenyewe. Alilisema kwa kila aliyeingia ofisini kwake, na hata kwa waliokuwa wanapita zao kwenda sokoni.

"Mimi kompyuta ikiniona tu inapona kwa woga," alikuwa akisema.

Tumtendee haki: mwaka huo wa 2004 kompyuta za Newala ungeweza kuzihesabu kwa vidole, na vidole vikabaki vya kushikia kikombe cha chai. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kilichowahi kuwa ghala la ushirika, kabla ushirika haujalala na wanunuzi binafsi kuja na malori yao. Rangi mpya ilipakwa, kibao kikaandikwa, lakini ukiingia pua yako ilikuwa bado inakuambia magunia ya korosho.

Ijumaa moja ya mwanzo wa Juni wakaingia wanawake wawili. Wa mbele, Scholastika, alikuwa na kompyuta kichwani, imefungwa kwa khanga kama mtoto anayepelekwa kliniki. Wa nyuma, aliyemshika bega, alikuwa dada yake, Mwalimu Bibiana. Huyu haoni tangu surua ilipompitia akiwa na miaka sita, na ndiye aliyemfundisha Mujibu historia kidato cha pili.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, Mujibu baba. Bado unaongea kabla ya kufikiri?"

"Siku hizi ninalipwa kwa hilo, Mwalimu."

"Shughuli ni hii. Mzungu wangu anaumwa."

Mzungu alikuwa ile sauti. Ndani ya kompyuta hiyo, aliyopewa na wafadhili kule Dar es Salaam, mlikuwa na programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Ilikuwa na lafudhi ya Kizungu hata kwenye Kiswahili, ikisoma "Masasi" utadhani inauliza njia. Lakini Mwalimu Bibiana alikuwa ameizoea. Akibonyeza herufi, inamtajia. Akikosea, anasikia.

Na safari hii aliihitaji kuliko siku zote. Jumatatu ya tarehe ishirini na moja alikuwa na mtihani wa mwisho wa diploma yake, Masasi, saa tatu mfululizo, na alikuwa amepata kibali cha kuuandika kwa kompyuta yake mwenyewe. Mwaka uliotangulia aliufanya kwa kumtajia mwandishi aliyewekewa. Mwandishi yule alipochoka alifupisha, na alipokuwa haelewi alijitungia. Mwalimu akafeli kwa majibu ambayo hakuyasema. Kanuni ziliruhusu kurudia mara moja tu, na mara yenyewe ndiyo hii.

"Sasa anakwamakwama," alisema. "Neno moja anasubiri mpaka naweza kwenda kuteka maji nikarudi."

"Ni virusi hao," akasema Mujibu, kabla hata ya kuiwasha. "Napiga Windows upya. Kesho jioni mje mumchukue akiwa anaimba."

"Hutaharibu?" akauliza Scholastika.

"Dada Scholastika, ungemuuliza muadhini kama anajua kuadhini?"

Mujibu alikuwa mtoto wa mkulima wa korosho wa Makote, na jambo moja alikua akiliona kila mwaka msimu kama huo: baba yake akipulizia mikorosho salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Unapulizia raundi ya kwanza, unangoja, unarudia, halafu ya tatu ndiyo inayomaliza. Anayepulizia mara moja akaenda kulala, huyo amepaka mikorosho poda tu. Mujibu alipojifunza kompyuta aliona hii ni elimu asiyo nayo hata fundi wa Dar. Virusi ni ugonjwa, na ugonjwa unataka raundi tatu. Kwa hiyo kompyuta yoyote iliyofika kwake ilifutwa mara tatu na kuwekewa Windows mara tatu. Hakuna iliyowahi kulalamika.

Jumamosi asubuhi akaanza. Alinakili kwanza kazi za Mwalimu kwenye diski, hapo alikuwa makini, akafuta kila kitu, akaweka Windows, akaweka programu ya sauti. Programu ikataka ruhusa. Akavuta waya wa simu ya mezani kutoka duka la jirani, kompyuta ikapiga simu yenyewe, ikakoroma, ikalia kama jogoo mwenye kifua, ruhusa ikaja kutoka huko iliko. Mzungu akaanza kuongea. Kilitokea pia kidirisha chenye maneno mengi ya Kiingereza. Mujibu alikuwa na desturi moja kwa vidirisha vyote: Ndiyo, Endelea, Kubali. Mzungu alikuwa akikisoma kidirisha hicho kwa sauti, tena kwa kukirudia, lakini alikuwa anamharibia muziki kwenye redio. Mujibu akampunguza sauti mpaka mwisho.

Mchana raundi ya pili. Ndiyo, Endelea, Kubali.

Saa kumi na moja jioni, raundi ya tatu, ile inayomaliza. Simu ikakoroma, ikalia, kikaja kidirisha chekundu. Hiki hakikuwa na Ndiyo wala Endelea. Kilikuwa na kitufe kimoja tu, na kwa mara ya kwanza Mujibu akalazimika kusoma. Ruhusa za programu hiyo zilikuwa tatu. Ya kwanza ilitumika Dar es Salaam. Mbili zimetumika leo. Hakuna nyingine.

Akajaribu tena. Akajaribu mpaka jirani alipokuja kuchomoa waya wake. "Kutwa nzima watu wananipigia wanasikia jogoo! Nenda kafugie kwako!"

Mzungu hakuwa amekufa, na hapo ndipo palipouma zaidi. Bila ruhusa, programu ilikubali kusema kwa dakika arobaini, halafu inanyamaza, hata kama ni katikati ya neno. Ukitaka iendelee, uzime kompyuta na kuiwasha upya, na ile kompyuta kuwaka tu ilichukua dakika nane.

Mwalimu alipokuja kuichukua, Mujibu alikuwa tayari ana maelezo.

"Wale waliokufungia Dar, Mwalimu, walichezea ruhusa zako. Zimeisha. Mimi nimeikuta hivyo."

"Yule kijana aliyenifungia alikuwa mwema sana," akasema Mwalimu. "Basi tutafanyaje?"

"Niachie mimi."

Alichoachiwa kilimshinda tangu Jumatatu. Kwenye boksi la programu palikuwa na namba ya simu ya ng'ambo. Akanunua vocha, akapiga, sauti ya kike ikamwambia abonyeze moja, akabonyeza, ikamwambia abonyeze nne, akabonyeza, ukapigwa muziki mzuri mpaka vocha ikaisha. Akanunua ya pili. Muziki ukaendelea pale ulipoishia.

Jumatano akapanda gari hadi Masasi, akaunganisha mpaka Ndanda kwa Erasto, fundi mtu mzima aliyemfundisha kushika bisibisi. Erasto alimsikiliza huku akiyeyusha risasi ya kulehemia kwenye redio.

"Umefuta mara ngapi?"

"Tatu."

"Kwa nini tatu?"

"Kama salfa, fundi."

Erasto akaweka chini chuma chake cha moto. Alitaka kucheka, akaona haifai. "Kila ukifuta, wao wanaiona ni kompyuta mpya. Wana daftari lao huko, wanahesabu. Kuharibika kungekuwa kwenye mashine ningekusaidia. Huku hakuna kilichoharibika, Mujibu. Ni ruhusa tu, na ruhusa haiko Ndanda wala Dar. Waandikie. Kuna waliowahi kuongezewa, kompyuta zao ziliibwa, au ziliungua."

Mujibu alirudi Masasi na neno moja tu la maneno yote hayo: ziliungua. Kwenye kafe ya intaneti akafungua anwani kwa jina la Mwalimu. Mwalimu alikuwa amemtajia la kuandika iwapo Ndanda kungeshindikana, kwamba fundi wa Dar alizimaliza ruhusa, anaomba moja, ana mtihani. Mujibu akafikiria lile daftari la wenyewe. Wangeona tarehe. Na kuandika "fundi wangu wa Newala alifuta mara tatu" vidole vyake vilikataa kabisa. Basi kwa Kiingereza cha kidato cha nne, kizuri tu, akaiunguza nyumba ya Mwalimu Bibiana. Akaunguza na paa. Akaweka na mbuzi wawili, barua iwe na uzito.

Siku zile za kungoja, kila alipopita karibu na nyumba ile, alimsikia Mwalimu akifanya mazoezi. Mzungu anasoma, anasoma, halafu kimya. Kisha mlio wa kuwaka, dakika nane za ukimya, na Mwalimu anaanza kutafuta sentensi alipoiacha. Scholastika alikuwa akihesabu kwa saa ya ukutani.

"Leo kanyamaza mara nne," alimwambia Mujibu mlangoni. "Mara ya mwisho dada alikuwa katikati ya Vita vya Majimaji. Aliporudi hakukumbuka alikuwa upande gani."

"Mwambie avumilie."

"Mwambie wewe. Mdomo ni wako."

Alhamisi ya tarehe kumi na saba wakaenda wote wawili Masasi kuangalia jibu, maana Mwalimu alikuwa ameagiza: barua itiwe kwenye diski, aisome mwenyewe. Jibu lilikuwepo. Mujibu akalisoma peke yake, Scholastika kasimama nyuma yake, hajui Kiingereza.

Walimpa pole kwa moto. Wakasema daftari lao linaonyesha ruhusa mbili zimetolewa siku moja, tarehe na saa wakazitaja, kwa kompyuta ileile, hivyo hawaelewi ni ipi iliyoungua. Wanaomba hati ya polisi. Faili la hasara limeshafunguliwa, na mpaka hati ifike na siku kumi na tano za kazi zipite, hawawezi kugusa chochote. Halafu, chini kabisa, mistari miwili ya upole: kama ni fundi tu aliyefuta kompyuta, angeandika hivyo tangu mwanzo, wangemrudishia ruhusa siku hiyohiyo, hutokea kila siku.

Mujibu akausoma mstari huo mara tatu. Alikuwa mtu wa raundi tatu.

"Wanasemaje?" akauliza Scholastika.

"Vizuri. Wanashughulikia."

Alitaka kusema diski ni mbovu. Lakini kijana wa kafe alikwisha kuinakili barua, na Scholastika akaipokea diski mkononi mwake, akaifunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili.

Ijumaa mchana Mujibu alikuwa barazani kwa Mwalimu Bibiana. Hakuitwa. Alikuja kwa sababu alikuwa amepiga hesabu: kompyuta ingekuwa imekwisha kuwaka saa nane kamili, saa nane na dakika arobaini Mzungu angenyamaza, na barua ilikuwa ndefu. Kilichotakiwa ni maneno, na maneno alikuwa nayo. Akamuuliza Mwalimu habari za kanisani. Akamuuliza kuhusu Majimaji, nani alikuwa upande gani. Akasimulia habari ya fundi mmoja aliyekaanga mihogo juu ya printa. Mwalimu alicheka. Saa ya ukutani ilikwenda polepole kama inasukumwa, lakini ilikwenda: na kumi, na ishirini, na thelathini na sita.

"Basi, Mujibu baba, inatosha," akasema Mwalimu. "Lete hiyo diski, Scholastika."

Dakika nne. Mujibu akajipa moyo. Kwa mwendo wa Mzungu, dakika nne zingeishia kwenye salamu, pole ya moto na habari ya mbuzi, na hayo angeweza kuyafafanua kwa namna fulani.

Mwalimu akaingiza diski. Halafu akabonyeza vitufe ambavyo Mujibu hakuwahi kuvijua, mara moja, mara mbili, mara tano, na Mzungu akabadilika. Hakuwa anasoma tena, alikuwa anamwaga kama mvua juu ya bati. Maneno yalipita yameshikana, Mujibu hakuambulia hata moja. Mwalimu Bibiana alikaa ameinamisha kichwa, mkono mmoja juu ya meza, anasikiliza kwa mwendo wake wa kila siku, mwendo anaousomea vitabu. Dakika moja na nusu. Mzungu akamaliza barua yote, akataja jina la mwandishi, akatulia.

Kuku mmoja alipanda barazani, akawatazama, akashuka.

"Mujibu," akasema Mwalimu. "Nyumba yangu iliungua lini?"

"Nyumba gani?" Scholastika akainuka. "Hii? Nimetoka kuifagia sasa hivi!"

"Na mbuzi wawili."

"Mbuzi! Tangu lini tukafuga mbuzi?"

Mwalimu akainua kiganja, mdogo wake akakaa.

"Jumamosi, tarehe tano Juni," akasema, taratibu, kama alivyokuwa akiwataka wataje tarehe za historia kidato cha pili. "Saa tano na dakika kumi na mbili. Na tena saa nane na dakika arobaini. Kijana wa Dar nimemsema vibaya kwa watu wawili wiki hii, mmoja wao ni padri. Jumamosi hiyo Mzungu wangu alikuwa kwa nani?"

Mujibu akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa bado haijafika na arobaini.

"Leo Ijumaa," akasema Mwalimu Bibiana. "Mtihani Jumatatu. Hapa chini wanasema ungeandika tu kwamba ni wewe."